Tiketi ni Robo, Barabara ni Robo Tatu



Likizo kubwa ikikaribia, simu zetu zinajaa afishi za matamasha. Msanii amevaa miwani myeusi, jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Pembeni kuna tarehe na jina la ukumbi, na chini kabisa bei tatu: kawaida, VIP na VVIP, hii ya mwisho ikiwa na meza na chupa yake. Mabishano yanaanza palepale. Mmoja anaandika: «Bei kali! Hawa batu banatuibia.» Mwingine anamjibu: «Kama hauna feza, baki kwako.» Wa tatu anaweka picha ya kicheko, na kesho yake tunagombana tena kwa afishi nyingine.

Mimi nasema mabishano yetu yote yanahusu sehemu ndogo ya mambo. Tunapigania bei iliyoandikwa kwenye afishi, huku bei kubwa haijaandikwa popote. Kwa mtu wa Kasulo, tiketi ni robo ya gharama ya kumwona msanii anayempenda. Robo tatu ni barabara, usiku na kulala. Msanii au mwandaaji anayejisifu kwamba ameshusha bei ya tiketi, lakini hakugusa umbali, bado hajatushushia kitu. Na mpaka tuelewe hivyo, tutaendelea kudai kitu kisicho sahihi.

Tufanye hesabu, maana tumesoma ili tuhesabu. Tuseme tamasha liko Lubumbashi na tiketi ya kawaida ni dola 20. Huu ni mfano wangu tu, kila mmoja aweke namba zake. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300, kupitia Likasi. Basi kwenda na kurudi, tuseme dola 30. Chakula cha siku mbili dola 10. Chumba cha kulala, kwa sababu tamasha likiisha saa nane usiku hakuna basi la kukurudisha, dola 15. Pikipiki za mjini, kutoka kituo cha basi hadi ukumbini na usiku tena kurudi, dola 5. Jumla dola 80. Tiketi ni 20 ndani ya 80. Hiyo ndiyo robo yangu.

Sasa weka mshahara pembeni. Mwaka 2018 serikali iliweka SMIG, yaani kima cha chini cha mshahara, kuwa faranga 7,075 kwa siku. Mwaka 2025 ikakipandisha hadi faranga 14,500. Kwa dola moja ya faranga 2,800 hivi, kama ilivyokuwa katikati ya 2025, hiyo 14,500 ilikuwa kama dola 5. Dola 80 zilikuwa siku 16 za kazi. Siku 16, bila kula, bila kulipa nyumba, bila kumtumia mama kitu. Na hapo nimemchukua mtu mwenye kandarasi inayoheshimu SMIG. Wengi wetu tuliomaliza chuo na bado «tunatafuta-tafuta» hatuna hata hiyo.

Kuna watakaosema: muziki ni starehe, maskini aache starehe. Nitarudi kwenye hoja hiyo. Kwanza tuangalie wenzetu.

Fally Ipupa alijaza ukumbi wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, siku ambayo moto uliwaka karibu na Gare de Lyon kwa sababu ya wale «combattants» waliopinga wanamuziki wa Kongo kupiga Ulaya. Tarehe 25 Novemba 2023 akajaza ukumbi mkubwa zaidi, Paris La Défense Arena. Mashabiki hawakutoka Paris peke yake. Walitoka Lille, Lyon, London, na wengi sana Brussels, kwa sababu Matonge ya Brussels imejaa bandugu zetu.

Angalieni ramani kidogo. Brussels mpaka Paris ni kilomita kama 300. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 300. Umbali ni uleule! Lakini wa Brussels anapanda treni ya kasi, saa moja na nusu hajamaliza hata kuchati na rafiki zake, amefika. Sisi tunakaa kwenye basi nyuma ya msururu wa malori ya madini, tunasimama kwenye peaje, tunakula vumbi, na likiharibika lori moja njiani siku nzima imekwenda. Hata barabara ikiwa nzuri, kurudi usiku ni kumwachia Mungu kazi ya dereva.

Tena kuna mshahara. Nchini Ufaransa, katikati ya 2023, kima cha chini kilikuwa euro 11.52 kwa saa kabla ya makato. Saa saba za kazi ni euro 80 hivi. Yaani 80 ileile ambayo kwetu ilikuwa siku 16, kwa mfanyakazi wa chini kabisa wa Paris ilikuwa siku moja. Sisemi maisha yao ni mepesi. Kodi ya nyumba inawakaba, na wengi wanafanya kazi mbili. Nasema tu kwamba msanii wa Kongo, anayeimba Lingala na kututajia mitaa ya kwetu, yuko karibu zaidi na shabiki wa Brussels kuliko na shabiki wa Kasulo. Umbali unapimwa kwa siku za kazi.

Mtu atasema: basi aende Kinshasa, huko anapiga nyumbani. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka kwetu hata ukienda kwa mstari wa ndege. Kwa barabara ni safari ya siku nyingi, na ndege si ya mtu wa SMIG. Isitoshe, tunajua yaliyotokea Stade des Martyrs tarehe 29 Oktoba 2022. Fally huyohuyo alipiga mbele ya watu wa kwao, uwanja ukajaa kupita kiasi, na watu 11 wakafa katika msongamano, wakiwemo polisi wawili. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule alisema waandaaji waliacha watu kupita uwezo wa uwanja.

Mimi siwezi kusoma habari ile kama ajali peke yake. Mtu anayejua kwamba msanii atarudi mwakani, na mwaka unaofuata, na mji wa jirani pia, hasukumani hivyo mlangoni. Anayesukumana ni yule anayejua kwamba nafasi ni hii moja. Matamasha yakiwa machache na makubwa mno, mahali pamoja, umbali unageuka kuwa msongamano. Paris walisikiliza wakarudi nyumbani. Kinshasa walilala chini wakikanyagwa. Msanii ni yuleyule.

Kwa nini iwe hivi? Hapa lazima tuzungumzie libanga.

Wote tunaijua. Libanga kwa Lingala ni jiwe. «Kutupa libanga» ni kumtaja mtu ndani ya wimbo, na mtu huyo, au anayemtafutia jina, analipa. Mwenye depo, mwanasiasa, mkubwa wa forodha, mwana wa nani na nani. Kwa hiyo muziki wetu una watu wa aina mbili wanaoulipia: wanaolipa ili wasikie, na wanaolipa ili wasikike. Wa pili ni wachache, lakini wanalipa zaidi. Na mwenye kulipa zaidi ndiye anayepangiwa ukumbi.

Ukishaelewa hilo, afishi inasomeka vingine kabisa. Meza ya VVIP haiwekwi mbele ya jukwaa kwa bahati. Imewekwa pale ili msanii amwone mtu wake, amtaje, na simu zirekodi. Sisi wa kawaida tuko nyuma kwa sababu moja: jina linalotajwa linahitaji watu wa kulisikia. Tunalipa kiingilio ili tuwe mashahidi wa utajiri wa mwingine. Na hapa Kolwezi utani huu una uchungu wake, maana huyo anayetajwa mara nyingi ametajirika kwa mawe. Mawe yanachimbwa na vijana wa Kasulo, yanauzwa depo, yanakuwa dola, dola zinakuwa libanga, libanga linaimbwa, na kijana aliyechimba anausikia wimbo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Jiwe limezunguka, halikurudi kwake.

Haikuwa hivi siku zote katika ukanda huu wa shaba, na hapa ndipo ningependa wadogo zetu wasikilize vizuri, kwa sababu tunapenda kuamini kwamba mambo ya leo ni ya tangu Adamu.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa wetu wa Lualaba. Alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, na mpaka leo wataalamu wa Ulaya wanajifunza namna yake. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi. Aliimba Kiswahili, hiki chetu cha Katanga, na wimbo wake «Masanga» ukazunguka Afrika nzima. Yeye na Edouard Masengo walikwenda Nairobi, wakapiga huko, wakafanya na matangazo ya biashara ya redio. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Lakini angalieni mwanzo wa safari zake: muziki ulifuata watu. Watu walikuwa kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière na kando ya reli, na mpiga gitaa akawafuata huko, kwenye baa, kwenye harusi, kwenye kazi yake ya ofisini ya kila siku. Barabara ilikuwa mzigo wa msanii, na ilimgharimu kweli: Bosco alifariki katika ajali ya gari huko Zambia.

Tuvuke sasa Kasumbalesa, maana mfano mzuri zaidi uko kwa jirani, na unahusu muziki wa rock. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia walichukua gitaa za umeme, wakasikiliza Jimi Hendrix na Rolling Stones, wakatengeneza rock yao wenyewe. Leo inaitwa Zamrock. Bendi yake kubwa ilikuwa WITCH, ya Kitwe, mji wa shaba kama wetu. Mwimbaji wake Emmanuel Chanda walimwita «Jagari», kwa jina la Mick Jagger. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nakala chache sana, na waliziuza wenyewe kwenye maonyesho yao.

Zamrock ilikua kwa sababu tatu ambazo zinatuhusu. Kwanza, miji ya shaba ya Zambia iko karibu-karibu: Kitwe, Chingola, Mufulira, Ndola, Luanshya. Bendi inapiga leo hapa, kesho pale, na shabiki analala kwake. Pili, kulikuwa na kumbi za migodi na za mitaa, ambazo hazikuwa hoteli. Mfanyakazi aliingia kwa pesa ya mfanyakazi. Tatu, vita vya ukombozi vya kusini vilipoleta amri za kutotoka nje usiku na kuzimwa kwa taa, bendi zilihamisha maonyesho mchana. Vijana wakaja saa za chai, wakacheza, wakarudi nyumbani jua likiwa bado juu.

Hilo la tatu mimi linanipendeza kuliko yote. Hakuna aliyekaa akasema «tuwahurumie mashabiki wa mbali». Amri ya serikali ndiyo iliyowasukuma. Lakini matokeo yake, gharama ya usiku ikaondoka: hakuna chumba cha kulala, hakuna pikipiki ya saa tisa usiku, na msichana hahitaji kaka wa kumsindikiza. Robo tatu ya bei ilianguka bila mtu kugusa tiketi.

Sitaki tuifanye zamani kuwa paradiso. Kumbi za makampuni zilijengwa ili mfanyakazi abaki kambini na Jumatatu aonekane kazini. Na shaba ilipoanguka bei katikati ya miaka ya 1970, Zamrock ilianguka nayo. Jagari alisoma, akafundisha, kisha akaenda kuchimba vito. Ndiyo, ndugu yangu wa Kasulo: mwimbaji mkubwa wa rock wa Zambia aligeuka mchimbaji mdogo kama jirani yako. Wenzake wengi walikufa mapema. Alipokuwa mzee ndipo wazungu walipozigundua santuri zile za zamani. Bendi ikafufuliwa na wanamuziki wapya, mwaka 2017 ikapiga Ulaya, na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya, «Zango».

Lakini angalieni ziara za WITCH mpya zinakwenda wapi hasa: Ulaya na Marekani. Kutoka Kolwezi hadi Kitwe ni karibu kilomita 500 kwa barabara. Kijana wa Uholanzi ana nafasi kubwa ya kumwona Jagari jukwaani kuliko kijana wa Kolwezi ambaye bibi yake pengine alimsikia redioni. Na katikati yetu kuna Kasumbalesa, ambapo malori yanapanga foleni za kilomita nyingi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Shaba inavuka. Kobalti inavuka. Gitaa linasubiri.

Sasa wale wenye rock ya kwao, huko ilikozaliwa, wamefanya nini kuhusu bei? Wamepigana pia, na kushindwa kwao kuna somo kwetu.

Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam ya Marekani ilikuwa moja ya bendi kubwa duniani. Walitaka tiketi isizidi dola 18 na ada ya kuiuza isizidi dola 1.80. Kampuni ya Ticketmaster, iliyoshika uuzaji wa tiketi karibu kila ukumbi mkubwa, haikukubali. Bendi ikaishtaki kwa wizara ya sheria, wanamuziki wake wawili wakatoa ushahidi mbele ya Bunge. Kisha wakajaribu kuzunguka bila Ticketmaster. Kilichowapata ni kwamba kumbi zote nzuri za mijini zilikuwa zimefungwa kwa mikataba. Wakalazimika kwenda viwanja vya mbali, pembeni ya miji, na baadhi ya maonyesho yakafutwa. Mwaka 1995 wizara ikafunga uchunguzi, na miaka michache baadaye bendi ikarudi kwa Ticketmaster.

Mnaona mtego? Walishusha bei, umbali ukapanda. Shabiki aliyeokoa dola kumi kwenye tiketi aliziteketeza kwenye mafuta ya gari. Kama wenye nguvu ya Pearl Jam walinaswa hivyo, sisi hatuwezi kufikiri kwamba kupiga kelele juu ya bei kutatosha.

Mwaka 2023 Robert Smith wa The Cure naye aliweka tiketi nyingine kuanzia dola 20. Mashabiki wakakuta ada za kampuni zinazidi bei ya tiketi yenyewe. Alipolalamika hadharani, kampuni ikawarudishia watu dola 5 au 10. Na Agosti 2024, Oasis waliporudi, kuna mashabiki Uingereza waliokaa kwenye foleni ya mtandaoni saa nyingi kwa tiketi iliyotangazwa karibu pauni 150, wakafika mwisho wa foleni na kukuta imepanda hadi zaidi ya pauni 350. Kwa hiyo tusidhani kwamba tunaonewa peke yetu. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa Uingereza alipoonewa, vyombo vya serikali yake viliingilia kuchunguza. Hapa kwetu nani atachunguza meza ya VVIP? Pengine anayepaswa kuchunguza ndiye aliyeketi mezani.

Nimsikilize na mwandaaji, kwa haki. Anasema: «Unajua gharama zangu? Msanii anakuja na watu ishirini, wote wanapanda ndege, wote wanalala hoteli. Sono naileta kutoka mbali. Umeme wa SNEL siwezi kuutegemea, nakodi jenereta na kununua mafuta. Kodi ya hapa, kodi ya pale, kila ofisi ina karatasi yake. Usalama unalipwa. Na muziki wenyewe mnaupakua bure, msanii atakula wapi kama si jukwaani?» Yote hayo ni kweli. Mimi sioni mwandaaji kama mwizi. Namwona kama mtu anayebeba hatari yote kwa usiku mmoja, na kwa sababu ni usiku mmoja, lazima ajilipe palepale, na wa kumlipa haraka ni mwenye meza.

Lakini hoja yake inathibitisha yangu. Ikiwa watu ishirini na sono wameshafika Katanga, gharama kubwa ya safari imeshalipwa. Kuwafikisha Likasi, Fungurume na Kolwezi ni nyongeza ndogo kuliko kuwaleta tena. Basi moja lenye wanamuziki kupita barabara hiyo ni rahisi kuliko mabasi hamsini ya mashabiki kupita barabara hiyohiyo usiku. Mzigo wa umbali ungekuwa mwepesi kama angeubeba mmoja badala ya elfu. Wanaoimba hawataki kuubeba kwa sababu sisi tunaubeba bila kusema.

Na msiniambie haiwezekani nchini Kongo. Goma, mji uliopita vita na volkano, ulianzisha Festival Amani mwaka 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga, siku tatu za muziki kwa kiingilio cha dola moja. Wafadhili walilipia jukwaa, vijana wa mji wakajitolea kazi, na dola moja ikawa tiketi kweli, kwa sababu watu walikuja kwa miguu kutoka mitaa yao. Leo Goma iko katika hali nyingine tangu ilipotekwa Januari 2025, na naandika hili kwa huzuni. Lakini hesabu yao ilikuwa sahihi: weka jukwaa katikati ya watu, mchana, na mfadhili alipie jukwaa badala ya meza.

Narudi sasa kwa yule anayesema maskini aache starehe.

Ndugu, tazama Kasulo. Tangu 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba, watu walichimba vyumbani na uani mwao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa, ikazungushiwa ukuta ili madini yachimbwe na kununuliwa humo. Watoto waliokua wakati ule ndio leo wanaingia chuo. Wameona mtaa ukipimwa kwa thamani ya kilicho chini yake. Hakuna aliyewahi kuja Kasulo kwa ajili ya walio juu. Anayekuja anakuja kununua. Msanii akisimama siku moja kwenye uwanja wa mtaa huu saa tisa mchana, akaimba kwa watu waliosimama kwa miguu yao, atakuwa mgeni mkubwa wa kwanza ambaye hakuja na mizani. Hicho ndicho kilichoko hatarini hapa, na neno «starehe» halitoshi kukibeba. Ni swali la nani anahesabiwa kuwa mtu wa kusikilizwa na wa kusikia.

Kwa hiyo napendekeza tuache kuandika «bei kali» na tuandike mambo manne, kila afishi inapotoka.

Kwanza, tuulize: mtapita wapi kabla na baada ya Lubumbashi? Ziara yenye kituo kimoja isiitwe ziara.

Pili, tuulize saa. Tamasha la mchana lina bei ndogo kuliko la usiku, hata kama tiketi ni ileile.

Tatu, makampuni ya migodi yanayopenda kuweka nembo zao kwenye mabango yalipie jukwaa, jenereta na basi la kurudisha watu mitaani. Nembo iwekwe kwenye basi pia, hatukatai.

Nne, bei itangazwe kwa faranga, na sehemu ya kusimama iliyo karibu na jukwaa iwe ya tiketi ya kawaida. Mwenye meza akae pembeni. Libanga lake litamfikia tu, sono ni kubwa.

Na sisi wahitimu tusijitoe. Chama kama hiki kinaweza kujua ni wangapi wanataka kwenda, kukodi basi moja kwa bei ya pamoja, na kumwandikia mwandaaji kwamba watu mia wako Kolwezi wakisubiri. Mwandaaji anaogopa ukumbi mtupu kuliko kitu chochote. Anayemhakikishia watu mia ana neno la kusema juu ya saa na mahali.

Mnasemaje bandugu? Andikeni hapa hesabu zenu: mwaka huu mlitumia ngapi kwa tiketi, na ngapi kwa njia? Tuziweke pamoja, tuone kama robo yangu ni robo kweli.